Uzito wa Nyuma Ndio Breki

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na madereva wa trekta, wasimamizi wa kazi za mitaro, vikundi vya vijana na wakazi wa Kaloleni, Kisumu, wakati wa matayarisho ya mvua ya masika. Tunayachapa kwa manufaa ya ambao hawakufika.

Najua madereva wameacha kazi ili wawe hapa, na kibarua cha siku hakingoji. Kwa hivyo nitazungumzia jambo moja tu: uzito unaowekwa nyuma ya trekta ndogo yenye loda mbele.

Kwa asiyeijua, loda ni ile mikono miwili ya chuma yenye ndoo pana, inayoinua matope, mchanga au takataka na kupakia kwenye lori. Trekta za aina hii huonekana sana kabla ya mvua ya Machi hadi Mei. Ni ndogo, na hupita mahali ambapo tingatinga haliwezi kupita. Zinazibua mitaro ya mitaa, zinaondoa taka sokoni, zinatoa gugumaji ufuoni, na kule Ahero na uwanda wa Kano zinasomba samadi na mchanga wa wakulima. Ni chombo kizuri. Kijana mmoja na trekta hiyo anafanya kwa asubuhi moja kazi ambayo vibarua wengi wangeifanya kwa siku kadhaa.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni habari. Lakini ajali ikitokea katika kazi ya umma, taarifa yake huandikwa na ofisi kama yangu. Nimewahi kusimama kando ya mtaro, katika kazi ya mwanakandarasi ambaye sitamtaja, nikaona trekta ikishuka na ndoo iliyojaa matope huku gurudumu moja la nyuma likielea hewani. Watoto walikuwa wakitazama hatua chache mbele yake. Siku hiyo dereva alishusha ndoo chini haraka, ikakwama ardhini, na hakuna aliyeumia. Tangu hapo nimewauliza mafundi na madereva wakongwe maswali mengi, na niliyojifunza ndiyo nimewaletea leo.

Somo la mkokoteni

Twende kwanza pale soko la Kibuye. Mtazame kijana anayevuta mkokoteni. Kabla ya kuondoka anapanga magunia. Akiyaweka mengi mbele ya ekseli, mikono yake inabeba mzigo na mgongo unamuuma. Akiyaweka mengi nyuma, mpini unapanda na kumwinua yeye mwenyewe. Kwa hivyo anasogeza gunia moja huku na lingine kule mpaka mpini utulie. Hajasoma hesabu hiyo popote. Ameisoma mgongoni mwake.

Trekta yenye loda ni mkokoteni mkubwa ambao ekseli yake ya mbele ndiyo mhimili. Mzigo ulio kwenye ndoo uko mbele ya mhimili huo, na mwili wa trekta uko nyuma yake. Ukiinua mzigo mbele, nyuma inataka kupanda. Kitu pekee kinachoizuia ni uzito ulioko huko nyuma.

Tutoe mfano wa hesabu, na kila dereva apime trekta yake mwenyewe. Chukua trekta ambayo pamoja na loda ina kilo 1,400, nusu ikiwa imelala kwenye tairi za mbele na nusu kwenye za nyuma, yaani kilo 700 kila upande. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 1.6. Katikati ya ndoo ni mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele. Sasa jaza kilo 400 za matope ya mtaro. Mzigo huo unaondoa kilo 300 kutoka nyuma na kuzihamishia mbele. Nyuma panabaki kilo 400 tu. Mbele panakuwa na kilo 1,400, mara mbili ya ilivyokuwa.

Hiyo ni kwenye uwanja tambarare, trekta ikiwa imesimama. Ishushe mteremko, ikanyagie breki, iangushe gurudumu la mbele kwenye shimo, na hizo kilo 400 za nyuma zinaweza kupungua hadi karibu na sufuri kwa nukta moja ya wakati.

Na tusisahau kwamba ndoo ile ile haina uzito ule ule. Ndoo ya robo mita ya ujazo ikijaa karatasi na mifuko ni nyepesi. Ikijaa matope yaliyolowa inaweza kupita kilo 400. Gugumaji nalo linadanganya macho, maana zaidi ya asilimia 90 ya mmea huo mbichi ni maji. Dereva aliyezoea kupakia taka za soko wiki nzima, akipelekwa kwenye mtaro siku ya Jumamosi, anakuta ndoo ni ile ile lakini mzigo ni mwingine kabisa.

Kwa nini nasema ni breki

Ningependa kila mtu aondoke na jambo hili. Trekta nyingi ndogo zina breki kwenye magurudumu ya nyuma pekee. Gurudumu halisimamishi chombo kwa sababu lina breki. Linasimamisha kwa sababu limekandamiza ardhi. Tairi la nyuma likiwa jepesi, dereva anakanyaga breki, tairi linaacha kuzunguka, na trekta inaendelea kuteleza. Likiinuka kabisa, breki hakuna.

Ndiyo maana nasema uzito wa nyuma ni breki. Msimamizi anayemwambia dereva auondoe uzito huo ili trekta iwe nyepesi, amemwambia aende kazini bila breki. Huenda asingethubutu kutamka maneno hayo, lakini maana ni hiyo. Na trekta yenye uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne, iwekeni kwenye gia hiyo mnaposhuka mteremko, maana hapo tairi za mbele nazo zinasaidia kuzuia mwendo kupitia injini na gia.

Kuna hatari ya pili. Ekseli ya mbele ya trekta imeshikiliwa na pini moja katikati, ili gurudumu moja liweze kupanda tuta bila kuinua mwili mzima. Kwa hivyo, ingawa tunahesabu magurudumu manne, kwa habari ya kupinduka upande trekta imekaa kama chungu juu ya mafiga matatu: tairi mbili za nyuma na hiyo pini ya mbele. Mzigo ukiwa wote mbele, chungu kimekalia figa moja. Ukiinua ndoo juu na kukata kona, hakihitaji msukumo mkubwa kuanguka.

Maji ndani ya tairi

Uzito wa nyuma unawekwa kwa njia kuu tatu: maji ndani ya tairi, vyuma vinavyofungwa kwenye rimu, na sanduku zito linaloning'inizwa nyuma pale panapofungwa jembe.

Maji ndiyo njia ya bei nafuu. Lita moja ni kilo moja. Tairi la nyuma la trekta ndogo, kulingana na ukubwa wake, mara nyingi huchukua kati ya lita 100 na 200. Ukitia lita 150 kila upande umepata kilo 300, na uzito huo uko chini karibu na ardhi, mahali pazuri kabisa kwa utulivu.

Utaratibu wake ni huu. Simamisha trekta mahali tambarare, shusha ndoo chini, zima injini, ziba magurudumu ya mbele kwa mawe au mbao. Inua upande mmoja kwa jeki na uweke stendi imara chini ya ekseli. Usitegemee jeki peke yake. Zungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu kabisa. Toa sindano ya valvu, unganisha mpira wa maji kwa kifaa kinachoruhusu upepo kutoka huku maji yakiingia. Maji yakifika usawa wa valvu, simama. Hapo tairi limejaa takriban robo tatu. Robo inayobaki ni ya upepo, na ina kazi yake: ndiyo inayomeza mshtuko wa mashimo. Tairi lililojazwa maji tupu huwa gumu kama jiwe, na mshtuko wote unaenda kwenye ekseli. Rudisha sindano, jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, ukisimama kando na si mbele ya ubavu wa tairi. Kila unapopima upepo baadaye, valvu iwe juu.

Tumia maji safi. Tairi lisilo na tyubu likitiwa maji, rimu ya chuma inashika kutu kutoka ndani ambapo huioni. Tyubu nzuri inaikinga.

Kuna vitabu vya maelekezo vinavyosema maji yachanganywe na chumvi ya kalisi, au dawa ya kuzuia kuganda. Maelekezo hayo yaliandikwa kwa nchi za baridi kama Kanada, ambako maji ndani ya tairi hugeuka barafu wakati wa majira ya baridi. Sisi tuko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta. Maji hayagandi Kisumu. Ni kweli kwamba maji ya chumvi hiyo ni mazito kuliko maji ya kawaida, lakini yanakula rimu vibaya. Na dawa ya kuzuia kuganda iliyo ya kawaida madukani ni sumu kwa watu na mifugo. Tairi likipasuka, sumu hiyo inaingia mtaroni, na mtaro unaelekea ziwani, kwenye maji ambayo ng'ombe wanakunywa na wavuvi wetu wanategemea. Usiuziwe kitu usichokihitaji.

Neno kwa mafundi wa pancha: tairi lenye maji si lile ulilozoea kuliviringisha kwa mkono mmoja. Lina kilo 150 za ziada. Likikuangukia, mguu umevunjika. Madereva, andikeni MAJI kwa rangi kwenye rimu, herufi kubwa, ili fundi ajue kabla hajafungua nati.

Na tairi za mbele? Usizitie maji kwa ajili ya loda. Ekseli ya mbele tayari inabeba mzigo wake na wa nyuma. Hakikisha tu upepo wake uko kwenye kiwango kilichowekwa kwa kazi ya loda.

Maji peke yake hayatoshi

Turudi kwenye mfano wetu. Maji ya kilo 300 yameongeza kilo 300 nyuma. Vizuri. Lakini mbele bado pana kilo 1,400, hata gramu moja haijapungua. Maji yako juu ya ekseli ya nyuma yenyewe, kwa hivyo yanaikandamiza nyuma bila kuipunguzia mbele.

Sanduku la nyuma linafanya kazi tofauti kwa sababu liko nyuma ya ekseli. Sanduku la kilo 300, katikati yake ikiwa sentimita 80 nyuma ya ekseli, linaongeza kilo 450 kwenye tairi za nyuma na kuondoa kilo 150 kwenye tairi za mbele. Ni somo lile lile la mkokoteni, upande wa pili. Ukiweka maji na sanduku pamoja, trekta yetu yenye ndoo iliyojaa inakuwa na kilo 1,150 nyuma na kilo 1,250 mbele. Linganisheni na kilo 400 kwa 1,400 tulizoanza nazo.

Sanduku halihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Hapa kwetu tukisema balasti tunamaanisha kokoto za ujenzi, na kwa bahati kokoto hizo hizo zinafaa. Pipa la lita 200 likijazwa kokoto linakaribia kilo 300. Likijazwa zege linakaribia kilo 480. Fundi hodari wa jua kali anaweza kuunda fremu yake. Lakini lazima liwe na sehemu zote tatu za kufungia, pini zenye vizuizi, na uzito usiopita kiwango cha mtengenezaji. Pipa lililofungwa kwa kamba au waya ni ajali inayosubiri mahali pa kutokea.

Uzito nao una kipimo. Ukizidisha, ekseli inaumia, dizeli inaliwa, na udongo mweusi wa Kano unashindiliwa mpaka mpunga na mboga zinakosa pumzi. Kitabu cha trekta kinasema kiasi gani kinahitajika kwa loda yake. Na loda ikifunguliwa ili trekta ikalime, rudia kitabu hicho uone uzito upi utolewe.

Vichochoro vyetu

Madereva wameniambia jambo la kweli, na silikwepi. Vichochoro vya mitaa yetu ni vyembamba. Sanduku nyuma linaongeza urefu, kona hazikatiki, na msimamizi anahesabu safari. Kwa hivyo sanduku linaachwa kando ya barabara.

Najibu hivi. Kama kweli haliwezi kupita, basi mzigo nao usipite. Jaza nusu ndoo. Safari zitaongezeka, na hilo lihesabiwe katika kandarasi mapema, si kulipwa na mwili wa dereva. Msimamizi anayetaka ndoo iliyojaa atafute njia ambayo sanduku linapita.

Mengine mnayajua, lakini nayataja kwa ajili ya vijana wapya. Ukisafiri, ndoo iwe chini, karibu na ardhi. Nenda polepole. Mteremko usiukate kwa upande. Ukiwa na mzigo, panda ukielekea mbele na shuka kwa kurudi nyuma, ili upande mzito ubaki juu ya mlima. Wanaofanya kazi upande wa Riat wanajua ninachosema. Trekta ikianza kuinuka nyuma, shusha ndoo; usikate kona. Na ndoo si kiti cha abiria, hata kwa mita tano.

Uzito hauchukui nafasi ya fremu ya kinga na mkanda. Sweden iliagiza tangu mwaka 1959 kwamba trekta mpya zote ziwe na fremu hiyo, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Fremu ikiwa imesimama, funga mkanda. Usipoufunga, trekta ikipinduka unaweza kurushwa nje na kulaliwa na fremu ile ile iliyowekwa kukuokoa.

Haki na wajibu

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa wote wanaofanya kazi hapo. Inamtaka mfanyakazi naye amwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Dereva anayesema "siendi bila uzito wa nyuma" hajaleta ukaidi. Ametimiza sheria.

Vikundi vya vijana na vyama vinavyopanga kununua trekta, ulizeni bei ya loda pamoja na bei ya uzito wake. Muuzaji akitaja moja bila nyingine, hajawauzia chombo kamili.

Na ninyi wakazi, mna kazi mbili. Ya kwanza, trekta inapofanya kazi, watoto wakae mbali, hasa mbele ya ndoo na upande wa chini wa mteremko. Ya pili, tazameni nyuma ya trekta. Mkiona ndoo imejaa na nyuma hakuna kitu, mwambieni msimamizi pale pale. Asiposikia, pelekeni habari kwa ofisi ya msimamizi wa wadi, mkitaja mahali na saa.

Mvua iko njiani na mitaro lazima izibuliwe. Mwaka ambao haikuzibuliwa, wakazi wa Nyalenda kando ya Auji wanakumbuka maji yaliingia mpaka wapi. Kazi ni yetu sote na tunaitaka ifanyike haraka. Lakini kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, dereva azunguke nyuma ya trekta yake na ajiulize swali moja: breki yangu ina kilo ngapi?

Sasa nawaachia nafasi mafundi wajibu maswali yenu.